Mifugo ya Kija Isiyo na Pembe

Wananchi wa Mwamkulu, wenye mashamba, wenye mifugo, na nyie msio na chochote isipokuwa maoni: mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba mfugaji mkubwa kuliko wote katika mkoa wa Katavi amepatikana. Si yule mnayemdhania. Ni mwanamke, anaitwa Kija, mke wa Malale. Mifugo yake haina pembe wala kwato, haijawahi kuingia kwenye mpunga wa mtu, na haijawahi kumpeleka mwenyewe kwenye baraza la kata akiwa amevaa koti la kuazima. Idadi yake ikitajwa, wanaume wanaojitapa kwa mamia ya ng'ombe huku wakichokoa meno watatafuta pa kuficha fimbo. Inaishi yote kwa pamoja ndani ya ndoo moja ya lita ishirini, ambayo ilikuja duniani ikiwa na mafuta ya kupikia. Inakula kabichi. Simameni, mvue kofia.

Haya, kaeni. Sasa tuseme ukweli.

Kija hakuanza kufuga bakteria kwa kuipenda sayansi. Alianza kwa sababu alikuwa amechoka kufunga mizigo.

Alizaliwa safarini. Wazazi wake walikuwa wametoka Shinyanga, ng'ombe mbele na vyungu nyuma, na mama yake alijifungua kichakani mahali ambapo hakuwahi kujua panaitwaje, kwa hiyo kila Kija alipoulizwa alikozaliwa alijibu "njiani," na makarani wakadhani anawatania. Alikua njiani. Akaolewa na mtu wa njiani. Malale, mumewe, akikaa kwenye kigoda hukaa na tako moja; lingine linabaki hewani, tayari kwa safari. Kila walipojenga, Kija alipanda mparachichi nyuma ya jiko, na kila mparachichi ulipomfika kiunoni walihama. Kuna watu huko Tabora na Inyonga wanakula maparachichi mazuri sana, wala hawajui wamshukuru nani.

Ugonjwa wa Malale ulikuwa unaingilia sikioni, kwa njia ya simu. Siku zote kulikuwa na mtu mahali fulani anayempigia kumwambia habari za majani. "Malale, huku majani yanamfunika ndama!" Malale akisikia hivyo macho yalimtoka, akaanza kuzunguka zizi, akiwaangalia ng'ombe wake kama mzazi aliyewapeleka watoto shule mbaya. Mwaka huu aliyepiga alikuwa mdogo wake, Nkwabi, aliyehamia Mamba, kule Mpimbwe.

"Kaka, watu huku wakishavuna mpunga wanaacha mabua. Ng'ombe wanakula mpaka wanasinzia wamesimama."

Jioni hiyo Malale alinawa mikono, akakaa kwenye tako lake moja, akatangaza kwamba mahindi yakishavunwa, wanakwenda Mamba.

"Na bustani?" Kija akauliza.

Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na bustani ya maana, pembeni ya kijito, yenye kabichi na karoti. Masika kabichi zilikuwa nyingi mpaka zikawa aibu. Kila mtu Mwamkulu alikuwa nazo. Ukimpelekea jirani kabichi alikurudishia mbili kwa kisasi. Zilizobaki walikula mbuzi.

"Bustani!" Malale akacheka. "Bustani yako inatulisha masika, wakati hata mwehu ana mboga. Kiangazi kikija tunakula ugali tunaangaliana. Ng'ombe wanafuata chakula, Mama Lucia. Na mimi hivyo hivyo." Lucia alikuwa binti yao mkubwa, aliyeolewa mjini Mpanda na mtu wa gereji. Malale alimhesabu mkwe wake kuwa mgonjwa, maana alikuwa amekaa kwenye kiwanja kimoja tangu azaliwe.

"Nikikulisha mboga ya bustani hii kiangazi?"

"Mboga gani?"

"Kabichi."

"Kabichi ya masika, niile kiangazi." Malale akamgeukia mama yake, bibi Nyanzala, aliyekuwa anatafuna taratibu kwa meno aliyobakiziwa. "Mayu, unamsikia mkweo? Haya. Nasema mbele yako. Akinilisha kabichi hiyo vumbi likishaanza, mimi sihami."

"Nimesikia," Nyanzala akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango wa zizi.

Basi. Neno likishasemwa mbele ya mama limesemwa. Asubuhi yake Kija aliamka na furaha kubwa na tatizo moja: hakujua jambo lenyewe linafanywaje.

Alikuwa amemsikia jirani yake, Upendo, akisimulia habari za kikundi cha akina mama Misunkumilo wanaofundishwa kuchachusha mboga. Akapanda bodaboda akaenda. Semina ilifunguliwa na mgeni rasmi, halafu ikafunguliwa tena na mgeni rasmi mwingine aliyekuwa amechelewa. Akina mama wakapewa kofia. Wakapigwa picha ya pamoja wamebeba kabichi kifuani kama watoto wa kubatizwa. Wageni rasmi waliposhiba na kuondoka, ndipo alipobaki mtu wa kazi, afisa ugani aitwaye Scolastica, dada mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Sikilizeni, akina mama. Kwenye jani la kabichi tayari kuna vijidudu. Bakteria."

Akina mama wakazisogeza kabichi mbali na vifua.

"Wapo wazuri na wapo wabaya. Wabaya ndio wanaoozesha. Wazuri wanakula ile sukari iliyomo ndani ya kabichi, wanatoa uchachu. Uchachu ukishakolea, mbaya hakai. Ndio mlinzi wenu huyo. Kazi yenu nyie ni kuwasaidia wazuri watangulie. Unakatakata, unatia chumvi, vijiko viwili vya chakula kwa kabichi kubwa, unaiminya kwa mikono mpaka itoe maji yake yenyewe. Wabaya wengi chumvi inawashinda, wazuri wanaivumilia. Halafu unaizamisha mboga ndani ya maji hayo isione hewa."

"Tuwanunue wapi hao wazuri?" mama mmoja akauliza.

"Hununui. Wamekuja na kabichi kutoka shambani. Usiichemshe tu, utawaua."

Kija alikuwa amekaa nyuma, mguu unacheza. Uchachu. Kitu kinachokaa bila kuharibika kwa sababu kimechacha. Akakifikiria kibuyu cha maziwa nyumbani, ambacho Nyanzala hamruhusu mtu kukigusa kwa sabuni, maana ukikiosha hivyo maziwa ya kesho hayagandi vizuri. Kumbe ni hao! Amekuwa akiwalisha miaka yote bila kujulishwa. Akajisikia kama mtu aliyekutana na ndugu zake kwenye mkutano wa watu wengine, na hapo hapo akaacha kusikiliza. Maana ya ndugu nini, kama si mtu unayedhani huna haja ya kumuuliza chochote?

Akarudi, akakata kabichi, akakwaruza karoti, akatia chumvi, akaanza kuminya. Majani ya nje yalikuwa magumu. Na hapa mkono wenyewe, bila kumshauri mwenye mkono, ukaenda kwenye kopo la magadi.

Tumwelewe. Katika nyumba aliyolelewa, hakuna jani lililowahi kuingia chunguni bila magadi. Kisamvu, magadi. Mlenda, magadi. Maharage yakikaidi, magadi. Mama yake angeweza kukulainishia mlango kwa magadi. Kija akanyunyiza kidogo, kabichi ikawa ya kijani kizuri, laini, yenye utii. Akafunika. Akajipongeza.

Ndipo ikaanza kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa: kungoja.

Malale alikuwa ameshaondoka kwenda Mamba kukagua hayo mabua kwa macho yake, na nyumba ilikuwa kimya. Kija alifagia uwanja. Akaufagia tena, mpaka kuku wakaanza kuteleza. Alikwenda kijitoni na kurudi bila maji, maana ndoo ya maji aliisahau akiwaza ndoo nyingine. Mikono yake ilikuwa imezoea kufunga na kufungua, kufunga na kufungua maisha yake yote, sasa ilikuwa inatafuta kamba na kamba haipo. Akafungua ndoo. Akachungulia, akanusa, akafunga. Akaihamishia ndoo karibu na mlango kwenye upepo. Akaona upepo umezidi, akairudisha. Akafungua kuhakikisha kama haijakasirika kwa kuhamishwa. Hata bakteria, viumbe wasio na macho, lazima walianza kuulizana kama nyumba hii ina amani.

Aliyetoa hukumu alikuwa Nyanzala. Siku moja alisimama mlangoni mwa jiko, akanyanyua pua.

"Kija, panya amefia wapi?"

"Panya gani, mayu?"

"Huyo mkubwa."

Hakuwa panya. Kija alipofungua ndoo, kabichi ilikuwa inateleza kama kambare, na harufu ilitoka ndani kwa miguu yake yenyewe, ikawapita wote wawili, ikaenda kwa majirani. Mbuzi alisogea kuangalia, akaondoka haraka. Mbuzi!

Akapiga simu kwa Scolastica.

"Umeweka nini?"

"Kabichi. Karoti. Chumvi."

"Na nini kingine?"

"Hakuna."

"Mama Lucia."

"Na tangawizi kidogo."

"Tangawizi haiwezi kukufanyia hivyo. Nini kingine?"

Kija akamtazama kuku aliyekuwa anapita, kana kwamba ndiye aliyeulizwa. "Magadi. Ila kidogo tu."

Halafu ikasikika simu inawekwa mezani, na mtu anacheka kwa mbali kwa nafasi, bila haraka. Baadaye simu ikainuliwa.

"Magadi ya nini, dada yangu?"

"Kulainisha! Kwani nyie kisamvu hamtii magadi?"

"Tunatia, kisamvu cha kupika. Sasa nisikilize. Hao wazuri kazi yao ni kutengeneza uchachu. Magadi kazi yake ni kuumeza uchachu. Wao wanatengeneza, yeye anameza. Wanatengeneza, anameza. Wale waozeshaji wanakuja, wanakuta hakuna mlinzi, na kabichi imeshalainishwa kabisa, karibu wageni."

"Kwa hiyo niliwaua?"

"Wala. Uliwafanyisha kazi ya bure."

Kija, aliyejenga nyumba nyingi na kuziacha zote, alielewa mara moja walivyojisikia.

"Na kufungua je?" Scolastica akaendelea. "Unafungua?"

"Sifungui."

"Mama Lucia."

"Nachungulia tu."

"Usichungulie! Wazuri hawaitaki hewa. Anayeitaka hewa ni ukungu. Izamishe mboga, ikandamize kwa jiwe, funika, kaa mbali. Mfuniko usiukaze sana, wana gesi yao wanataka kuitoa. Na ukija kuona utando mweupe laini juu ya maji, uondoe, hauna neno. Ila ukiona ukungu wenye manyoya, au wa rangi rangi, mwaga yote bila huruma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Tatizo ni kwamba masika yalikuwa yameisha. Kwenye bustani zilibaki kabichi za mwisho, zilizopasuka vichwa, na hakukuwa na nyingine za kujaribia tena. Zikioza hizi, mizigo inafungwa. Na Nkwabi alikuwa amepiga simu kusema kaka amezunguka, ameona, ameridhika, na amepata hata mahali pa kujenga zizi.

Kija alizikata zote. Safari hii kopo la magadi alilipeleka kwa Upendo likae huko kama mtu anayefukuza mlevi na chupa yake. Aliminya kabichi mpaka viganja vikawaka chumvi na maji yakapanda yakaifunika. Juu akalaza jani moja zima. Akatafuta jiwe. Mawe ya nje yalikuwa na udongo na mambo ya kuku. Lililokuwa safi, zito, la mviringo, lilikuwa moja tu: jiwe dogo la kusagia ulezi la Nyanzala, ambalo bibi huyo alikuwa amelibeba kutoka Usukumani, akiacha kila kitu kingine kivunjike njiani.

Akaliosha kwa maji ya moto, likapoa, akalitumbukiza. Kumwomba mwenyewe aliogopa.

Nyanzala alilitafuta jiwe lake asubuhi yote bila kuuliza. Mwishowe akaja jikoni, akamkuta Kija amepiga magoti mbele ya ndoo, mfuniko mkononi.

"Jiwe langu."

"Limo humu, mayu. Nikilitoa mboga inaelea. Ikielea inaoza. Ikioza tunahama."

Nyanzala aliitazama ndoo. Alimtazama mkwewe. Alitazama vile vidole ambavyo hata wakati huo, mbele yake, vilikuwa vinacheza kwenye ukingo wa mfuniko.

"Funika," akasema.

Kija akafunika. Nyanzala akageuka, akazikusanya kanga zake, akaikalia ndoo.

Na hapo ikabidi mambo yaende yalivyokwenda, kwa sababu ya adabu. Katika nyumba ile mkwe anaweza kununa. Anaweza kumpikia mama mkwe ugali mbichi na kusema moto ulikuwa mdogo. Lakini kumwambia mama wa mumewe "inuka hapo ulipokaa"? Bora atembee kwa miguu mpaka Shinyanga akaombe radhi kwa makaburi. Nyanzala aliijua sheria hiyo vizuri, maana na yeye ilimbana ujana wake wote, na sasa alikuwa ameiweka chini yake kama mto.

Asubuhi alikuja na ugoro wake, akakaa kwenye ndoo. Mchana alichambua mchicha juu ya ndoo. Alisinzia juu ya ndoo. Akienda zake chooni, alikwenda kwa hatua za kushangaza kwa umri wake, na alirudi kabla Kija hajafika jikoni.

"Mayu, kuna kigoda kizuri pale, chenye mgongo."

"Hiki kimenizoea."

"Mayu, labda niangalie tu kama maji yamepungua..."

"Kaangalie bustani. Nayo ina maji."

Kija akaenda bustanini kwa hasira. Akalima tuta ambalo halikuhitajika. Akalipanda vitunguu ambavyo, kama wangehama, angevila mtu mwingine wa Mwamkulu. Alipokuwa akilima alijisikia mwenyewe akihesabu masufuria kichwani, lipi liingie ndani ya lipi, kamba ipite wapi. Alijaribu kuacha. Hakuweza. Kichwa kilikuwa kimeanza kufunga mizigo bila ruhusa yake.

Ndani ya ndoo, wale wasioonekana walikuwa kazini. Walikuwa wakila, wakizaana, wakitoa uchachu na gesi. Gesi lazima ipite mahali, na mahali pa kupita palikuwa pamekaliwa na bibi.

Siku moja alikuja katekista, mzee Anselmo, mtu wa Kifipa mwenye heshima nyingi, kumhimiza Nyanzala abatizwe kabla hajachelewa. Alikaribishwa jikoni kwenye kivuli. Alieleza habari za roho kwa urefu. Akaomba wainamishe vichwa. Katikati ya sala, pale pa kimya, Nyanzala alijisogeza kidogo upande, mfuniko ukapata nafasi, na ndoo ikasema *prrrrrrrt*, ndefu, yenye maji maji mwishoni.

Mzee Anselmo alifumba macho kwa nguvu zaidi. Kija aliuma kanga. Mtu mwenye hatia ya aina hiyo husogea, hukohoa, humlaumu mbwa. Nyanzala hakusogea. Alisubiri ndoo imalize, akasema kwa sauti ya ibada, "Amina."

Katekista aliaga mapema. Habari zikazagaa kwamba mama yake Malale tumbo limemharibikia, akina mama wakaleta dawa za mizizi, naye akazipokea zote bila maelezo.

Halafu upepo ukageuka. Kijito kikawa uzi. Majani yakawa makapi, moshi wa mashamba yanayochomwa ukasimama upande wa milima, na vumbi likaanza kuingia kwenye chai. Malale akarudi, na Nkwabi nyuma yake, wote wawili wekundu kama matofali.

"Mwadila!" Nkwabi alisalimia toka mbali, kwa furaha ya mtu aliyekuja kuchukua.

Malale hata hakukaa. Alizunguka uwanja akinyooshea vitu kidole. "Hilo tanki tunaliacha. Milango tunang'oa. Mabati yanaingia kwenye lori la mbele. Mama Lucia, majani ya kule, sijui nikwambieje. Ng'ombe atakula amelala."

Kija alijikuta ameshika kamba. Hakujua ameitoa wapi. Alikuwa ameshafunga masufuria mawili kwa pamoja, fundo lile lile alilofundishwa na mama yake, kabla hajashtuka na kuiachia kamba kama imemng'ata.

"Kwanza mle," akasema.

"Tunakula nini?" Nkwabi akauliza akitazama bustani, ambako palikuwa na mabua na vitunguu vichanga vinavyolia njaa. "Tulisikia huku kuna muujiza wa kabichi."

Ugali ulisongwa. Wanaume wakanawa. Bakuli la mboga likawekwa katikati, tupu. Wote wakamtazama Kija, na Kija akamtazama mama mkwe wake aliyekaa juu ya ndoo, na hakusema neno, maana neno lenyewe halisemeki.

Nyanzala aliinuka mwenyewe, polepole, kama mtu anayekabidhi ofisi.

Kija akafungua. Juu ya maji ulikuwepo utando mweupe.

Nyuma yake alimsikia Nkwabi anavuta pumzi ya kucheka. Utando, utando, Scolastica alisema nini kuhusu utando? Akainama mpaka pua ikakaribia. Hauna manyoya. Hauna rangi. Laini, kama malai juu ya maziwa. Akauondoa kwa kijiko, akautupa nje. Akatoa jiwe, akalitoa jani. Chini yake kabichi ilikuwa imekaa, rangi ya majani makavu, imenyooka, haitelezi. Harufu ilikuja, nayo ilikuwa kali, lakini ilikuwa kali ya kibuyu, ya asubuhi, ya kitu kinachojulikana. Akajaza bakuli. Hakuthubutu kumwangalia mtu.

Nkwabi alianza. Alimega tonge, akachota kabichi kidogo kwa kidole, akaweka mdomoni, akakunja uso wote kama ngumi.

"Imechacha!"

"Imechacha," Kija akakubali.

"Kaka, umesikia, anakubali. Kilichochacha kimeharibika. Hii siyo mboga."

Malale akala. Alitafuna akiangalia juu. "Ina ukali," akasema.

"Si ndiyo nasema!"

"Lakini inalia." Kweli ilikuwa inalia, kabichi ya tangu masika, ikivunjika menoni kama imetoka bustanini leo. Akachota tena. "Haijaoza hii, Nkwabi. Iliyooza hailii."

"Ikichacha imeoza, kaka! Ni jambo moja, ila imevaa shati!"

"Na maziwa uliyokunywa asubuhi?" Nyanzala akauliza kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama, hana pa kukaa.

"Maziwa ni maziwa, mayu. Maziwa yanaganda. Ni desturi yetu. Hii ni... hii ni mambo ya semina." Nkwabi akamgeukia kaka yake kwa ombi la wazi, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba kule Mamba, pamoja na majani yote hayo, alikuwa mpweke. "Kaka, zizi nimeshaanza kukukatia miti. Usiniambie unaacha majani yanayofika kifuani kwa sababu ya bakuli la kabichi chachu. Niambie ukweli, mtu anaweza kula hii?"

"Ngoja nifikirie," Malale akasema, akamega tonge lingine. Alifikiri, akachota. Alifikiri tena. Alieleza kwamba kabichi ya kawaida anaikuta haina jambo la kusema, lakini hii inakujibu. Alieleza kwamba jambo la kuhama si dogo, linataka kuangaliwa pande zote, na kila alipoangalia upande mmoja mkono wake ulikwenda upande wa bakuli. Nkwabi naye, kwa kutaka kuhakikisha ubaya wake, alirudia kuonja mara kadhaa, kila mara akikunja uso kidogo kuliko mara iliyopita.

"Kwa hiyo, kwa kifupi," Malale akahitimisha, "swali ni kama ninaweza kulishwa..."

"Malale," mama yake akasema.

"Mayu?"

"Angalia bakuli."

Malale akaangalia. Bakuli lilikuwa jeupe. Kulikuwa na uzi mmoja wa karoti ukingoni, na Nkwabi alikuwa anaunyemelea.

Simu ya Malale ikaita mfukoni, yule mtu wa majani, yupo siku zote. Malale aliitoa, akaitazama ikitetemeka kiganjani kama mdudu aliyelala chali. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umeshika njia. Akaiacha ikaita mpaka ikakata. Kisha akafanya jambo ambalo Kija, katika ndoa yao yote, hakuwahi kuliona: akajisogeza kwenye kigoda, akakaa na matako yote mawili.

"Miti uliyokata," akamwambia mdogo wake, "jengea zizi lako. Ukipungukiwa ng'ombe wa kulala ndani, nitakupa wachache uwachunge. Mimi nilishasema mbele ya mama."

Nkwabi akainamisha kichwa. Halafu akalipeleka bakuli kwa shemeji yake, bila kumwangalia, ajaze tena.

Kija alijaza. Hapo Malale akaona hali inadai hotuba, akasimama, akakohoa, akalishika tonge kama kipaza sauti.

"Mama Lucia. Watu watacheka. Watasema Malale, mwanaume aliyeivuka mito yote kati ya hapa na Shinyanga, amefungwa kamba na kabichi. Waseme! Mimi nimechunga ng'ombe tangu nina meno ya utoto, sijawahi kuona mifugo inayolisha watu kiangazi bila kudai majani. Umewalea viumbe ambao jicho haliwaoni, wamelinda chakula cha nyumba hii, wamemshinda ndugu yangu kwa hoja. Kuanzia leo hapa ni nyumbani. Mpaka nife." Akafikiri. "Au angalau mpaka mwakani. Nasema asante." Na kwa kuwa alikuwa ameguswa, alifanya tendo ambalo wanaume wa rika lake hawafanyi mbele ya watu: alichovya lile tonge, akalitwika kabichi mpaka likazidi, akamnyooshea mke wake mkono. "Shika. Kula na wewe, mama mwenye mji."

Wote wakamtazama. Hata Nyanzala alisogea.

Kija aliliangalia tonge, akaangalia pembeni.

"Mimi kabichi siipendi," akasema.